Kabla Hujashika Tindo

Mwanangu, juzi nilikuona umelala chini ya Noah, tindo mkononi, unabomoa masega ya bomba la moshi. Mwenye gari kalalamika halina nguvu, nawe ukamtafutia nafuu ya haraka. Njoo ukae hapa kivulini. Mimi nimeshika spana tangu enzi za matrekta ya mkonge hapa Kwashemshi, na masega nimeyabomoa mengi kabla sijajua ninachobomoa.

Okota hicho kipande. Kitazame vizuri: vitundu vya mraba, kuta nyembamba kama karatasi, sega la nyuki kabisa. Kwenye kuta hizo kumepakwa chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Gawanya milimita moja mara milioni. Upana wa chembe moja ni vipande vichache tu vya namna hiyo. Kwa udogo huo, atomi zake nyingi ziko juujuu, na huko juu ndiko moshi unakosafishwa.

Sasa nisikilize. Ile sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, ikikuta platinamu ya baridi huigandia, huijaa yote, oksijeni ikakosa pa kutua. Mjerumani Gerhard Ertl alilichunguza jambo hili hatua kwa hatua, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Metali nyingine ikichanganywa ndani ya chembe ileile, mshiko wa platinamu hubadilika. Hata joto hulivumilia tofauti: kwenye dizeli, platinamu ikiwa peke yake, chembe zake huhama na kuungana zikawa mabonge, kazi ikapungua; platinamu hiyo ikitiwa paladiamu, chembe hutulia. Rodiamu nayo ndiyo fundi wa kuzivunja oksaidi za naitrojeni. Mimi jambo hili bado linanishangaza: metali ni zilezile, ila ujirani wake umezipa tabia nyingine.

Ukiyatoa masega, ile sumu inatoka kama ilivyo. Wanaoivuta ni kina mama wanaouza machungwa madirishani mwa mabasi pale stendi ya Korogwe, wakiwa wamebeba watoto mgongoni.

Kwa hiyo gari likikosa nguvu, anza na plagi. Silinda isiyochoma hupeleka petroli mbichi hadi kwenye masega. Inawaka humohumo, sega linayeyuka na kuziba, gari linakosa pumzi. Ile Noah, plagi ya tatu ilikuwa nyeusi tii, nimeiona kwa macho yangu. Mpigie mwenye gari, umwambie alirudishe.