Nguzo ni ya Nani?

Vijana niliowafundisha katekisimu hapa Mudzipela, mtaa wa Bunia, wakitaka kwenda kuchimba Mongbwalu huniuliza: dhahabu ni baraka ama laana? Mimi huwaeleza habari za nguzo.

Waliochimba chini ya ardhi zamani, katika migodi ya Adidi upande wa Kilo na Gorumbwa upande wa Moto, hawakutoa jiwe lote. Walitoboa mwamba, wakatia baruti, wakapakia mawe kwenye vigari vya reli. Lakini hapa na pale waliacha mwamba umesimama toka chini hadi juu, kama nguzo. Ulikuwa mwamba uleule wenye dhahabu. Uliachwa kwa sababu ulibeba mlima juu ya vichwa vya watu.

Siisifu kampuni iliyowachimbisha. Dhahabu ilipatikana kwenye mto Agola mwaka 1903, kampuni ya SOKIMO ikaundwa 1926, na katika miaka hiyo machifu walilazimishwa kutoa wanaume wa kazi, na kiboko kilikuwepo. Nguzo ziliachwa kwa hesabu tu: dari ikianguka, uzalishaji unasimama. Hata hivyo zilikuwepo, na mtu aliyetumwa chini kwa nguvu alipata nafasi ya kupanda tena jioni.

Kisha ikaja vita. Gorumbwa ilishikwa na askari wa Uganda, baruti ikapigwa ovyo, hata kwenye nguzo, na Desemba 1999 watu wakafia mle ndani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, iliitia Uganda hatiani mwaka 2005. Mwaka 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325, milioni 60 kati yake kwa ajili ya mali asili iliyoporwa.

Ila wanaogonga nguzo si wenye bunduki tu. Ni mtoto wetu pia, mwenye nyundo, patasi na tochi kichwani. Niliwahi kuwafundisha vijana hao sheria ya Mose inayomkataza mkulima kuvuna hadi ukingoni mwa shamba, ili maskini naye apate. Kijana mmoja akanijibu: “Mwalimu, ukingo ni wa maskini, na maskini ni mimi. Basi nguzo ni yangu.”

Jibu lake lilininyima usingizi, maana ana haki. Fungu lake limeliwa juu, na wakubwa, tangu kabla hajazaliwa. Lakini ukingo wa shamba ukivunwa, hakuna anayekufa. Nguzo ni ya yule anayechimba mita chache mbele ya kijana huyo, na ya atakayeingia kesho bila kujua kilichoondolewa. Mungu hakumpa maskini mmoja uhai wa maskini mwenzake uwe fungu lake. Hilo naliamini kwa moyo wote.

Basi nani anavunja amri ya tano, “Usiue”? Mwenye nyundo, ndiyo. Na PDG, yaani mwenye shimo, aliyemtuma huku yeye amelala nyumbani. Na mnunuzi hapa Bunia, anayeweka vumbi kwenye mizani, anapiga hesabu ya gramu, analipa, wala haulizi kama jiwe lilitoka kwenye mshipa ama kwenye nguzo. Padri huhubiri juu ya ulevi na uzinzi, na vizuri. Ninamwomba siku moja ahubiri juu ya swali hilo la mizani, Jumapili, wanunuzi wakiwa wameketi viti vya mbele na wake zao.