Mtuhumiwa Mikononi mwa Serikali

Katika Matendo 22 jemadari aliamuru Paulo apigwe mijeledi ili ajulikane kosa lake. Kipigo kwanza, ushahidi baadaye.

Sisi wa huku Ziwani twalijua jambo hilo. Mwaka 1976 Serikali ilifanya msako Mwanza na Shinyanga, kwa sababu wazee, hasa akina bibi, walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi. Nia ilikuwa njema kabisa. Hata hivyo watuhumiwa waliteswa, na wengine wakafa mahabusu. Ndugu Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumpiga mtu kwa mkono wake, lakini alijiuzulu mwaka 1977. Wangapi wangefanya hivyo?

Siku hizi tukisikia mtu ameitwa gaidi, twasema apigwe tu. Lakini Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa, wala haikumtoa gaidi. Tena aliyezidiwa na kipigo hukiri hata asilotenda, na muuaji mwenyewe akabaki nje.

Paulo alipotaja uraia wake, waliotaka kumhoji waliondoka mara. Kijana wa Sengerema aliye mahabusu si Mrumi; anao uraia wa Tanzania.