Rubani Aliyepaa Tena

Siku moja ya mafundisho, wakati wa mvua, wakatekumeni walikuwa wamekusanyika barazani pa kanisa dogo la kijiji, karibu na Kindu. Mawingu yalikuwa yameushukia mto Lualaba hata ng'ambo haikuonekana. Ndipo ikasikika sauti ya ndege ikishuka kuelekea kiwanja. Sauti ikakaribia, ikawa kubwa. Kisha kwa ghafula injini zikanguruma kwa nguvu, ndege ikapanda tena, ikapotea mawinguni.

Vijana wakacheka. "Rubani ameogopa!" wakasema. "Amefika mlangoni, naye amekimbia."

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni, karibu na ukuta, kama mtu aliyeletwa pale na mvua tu. Naye alikuwa mkatekumeni, lakini kwa miezi mitatu hakufika kwenye mafundisho. Mtoto wake alipougua homa, alimpeleka kwa mpiga ramli, akamfunga hirizi, ingawa alikuwa amekwisha kuahidi mbele ya wenzake kuyaacha mambo hayo. Baadaye mtoto akapelekwa hospitali, akapona kwa dawa. Lakini baba aliona haya kurudi; na hirizi ile hakuthubutu kuitupa, bali aliitia mfukoni.

Baada ya robo tatu ya saa mvua ikapungua. Ndege ikarudi, ikatua salama. Katekista akawaambia vijana: "Wanangu, msimcheke rubani yule. Kaeni, msikie kazi yake ilivyo."

Na kazi yake ni hii.

Nchi ya Kindu ni bonde, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Lakini kwa miaka mingi, kabla ya vita vya mwaka 2025 kuvuruga safari, ndege zilitoka bonde hilo kwenda mashariki, hata Kavumu, kiwanja cha Bukavu, mwendo wa kilomita 330 hivi. Kwanza ni msitu mtupu. Kisha nchi yainuka. Mlima Kahuzi una mita 3,308. Kiwanja chenyewe kipo juu, mita 1,700 na zaidi, kati ya milima na ziwa Kivu. Mara nyingi mawingu huifunika milima hiyo. Naye mtu aliye ndani ya wingu haoni mbele wala nyuma. Hata mwili wake humdanganya, akadhani anakwenda sawa, kumbe anainama upande.

Mlima uliofichwa na wingu haukuondoka mahali pake. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ndogo ya huduma ya misaada ilitoka Kisangani kwenda Bukavu. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ilipokaribia kiwanja iligonga mlima, na watu wote 17 waliokuwamo wakafa. Safari yao ilikuwa ya wema. Lakini wema wa safari haukuuondoa mlima njiani. Jambo hilo laumiza moyo, nalo lafundisha: nia njema peke yake haitoshi, lazima kuijua njia.

Tena haitoshi kufuata alama yo yote. Mbali sana na Kongo, katika nchi ya Marekani, upo mji wa Juneau, mji mkuu wa jimbo la Alaska, uliobanwa kati ya milima na mkono wa bahari. Tarehe 4 Septemba 1971, ndege kubwa iliyokuwa ikishuka kwenda huko ilipata alama zisizo za kweli juu ya mahali ilipofika. Marubani walidhani wamekwisha kuvuka milima. Wakashuka mapema, na watu 111 wakafa wote. Hawakuwa wavivu wala walevi. Waliiamini alama moja, nayo ilikuwa ya uongo.

Basi wajuzi wakatafuta njia iliyo bora. Mwaka 1996, katika mji uo huo wa Juneau, ndege za abiria zilianza kuongozwa kwa njia iliyochorwa kwa msaada wa setilaiti, njia inayopinda pamoja na bonde, ikiiacha milima kuume na kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shirika la ndege duniani kutumia njia ya namna hiyo. Tangu hapo imeenea katika viwanja vingi vya milimani.

Setilaiti ni kama nyota zilizotengenezwa na watu. Zile za Marekani huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, nazo si chini ya 24. Kila moja ina saa ya ajabu kwa usahihi wake, nayo hutangaza daima mahali ilipo na saa iliyo nayo. Mwanakijiji aonaye umeme, kisha akahesabu mpaka asikie ngurumo, hujua kama radi iko karibu au mbali. Chombo cha ndege hufanya vivyo hivyo: hupima muda ambao tangazo limetumia njiani, kikapata umbali. Setilaiti tatu zaweza kuonyesha mahali ndege ilipo. Lakini saa ya ndege si kamili kama zile za juu, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huleta kosa la mita 300. Kwa hiyo yahitajiwa setilaiti ya nne, ili kuisahihisha saa ya ndege yenyewe.

Hapo mkatekumeni na atulie kidogo, afikiri. Shahidi wa nne hakuja kusema habari za mlima, wala za kiwanja. Amekuja kusahihisha kosa lililo ndani ya msafiri. Ndivyo ilivyo kazi ya neno la Mungu moyoni. Mtu hupenda lihukumu makosa ya jirani. Lakini kwanza lataka kuisahihisha saa yake mwenyewe.

Tena chombo hakipokei kila sauti. Wakiwapo mashahidi watano, chaweza kutambua kwamba mmoja wao akosa. Wakiwa sita, chaweza kumjua ni yupi, kikamwacha. Huwalinganisha pia na vyombo vingine vya ndani vinavyohisi mwendo wa ndege. Uangalifu huo wahitajiwa sana, maana tangazo la setilaiti likifika chini ni dhaifu mno, na watu wabaya waweza kuliziba au kuliiga. Mwaka 2024, wakati wa vita vya Kivu ya Kaskazini, wajuzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba mambo kama hayo yalitendeka huko, hata ndege za misaada zikatiwa hatarini. Sauti ya uongo haiji ikisema, "Mimi ni uongo." Huja ikijifananisha na ile ya kweli. Kwa sababu hiyo mkatekumeni asimwamini kila nabii apitaye kijijini na kipaza sauti. Na ayalinganishe maneno yake na Injili, na mafundisho ya Eklezia, na dhamiri iliyo safi.

Sasa lasalia jambo lililo kubwa kuliko yote. Njia ya angani ina mpaka, kuume na kushoto. Katika njia nyingi za kutua mpaka huo ni mita 556 hivi kila upande. Katika milima migumu huweza kupunguzwa hata mita 185. Kama chombo kikiona kwamba hakina hakika ya kukaa ndani ya mpaka, kitafanya nini? Kitakiri. Taa huwaka, na rubani huambiwa: usikitegemee tena. Chombo hakioni haya kusema, "Sijui."

Rubani naye ana kipimo chake. Urefu fulani umeandikwa katika karatasi zake. Akifika hapo bila kukiona kiwanja, hapewi ruhusa ya kushuka hata kidogo ili ajaribu bahati. Lazima apae mara moja. Mashua zinazoshuka mto kutoka Kindu hukoma Ubundu, kwa kuwa mbele yake kuna maporomoko, nahodha hasemi, "Leo nitajaribu."

Tena rubani hatafuti njia ya kupaa wakati mlima umekwisha kumkaribia. Njia hiyo ilichorwa zamani, katika karatasi ile ile yenye njia ya kushukia. Kabla hajaondoka alikwisha kuisoma, akahesabu na mafuta ya kumfikisha kiwanja kingine ikiwa kile cha kwanza kimefungwa na mawingu. Njia ya kurudi ilitayarishwa kabla ya safari kuanza.

Hivyo ndivyo huruma ya Mungu ilivyo. Hakungoja mtu aanguke ndipo aanze kufikiri namna ya kumwokoa. Alimtoa Mwanawe, akaliwekea Eklezia yake Ubatizo uondoao dhambi zote, na Kitubio kwa wale waangukao baada ya Ubatizo. Mkatekumeni aliyeanguka asiseme, "Sasa hakuna njia." Njia ipo. Lakini lazima apae. Asikae katika urefu ule ule wa dhambi akisema, "Nitaona kesho". Maana wingu ni lile lile, na mlima ni ule ule.

Petro alimkana Bwana mara tatu, naye akalia, akarudi. Yuda pia alijuta. Lakini hakurudi kwa Bwana, naye akapotea. Wote wawili walianguka usiku ule. Kilichowatenga ni kurudi.

Mafundisho yalipokwisha na watu kuondoka, mtu yule wa pembeni alibaki. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba Katekista, nilikuwa karibu na Ubatizo, nami nimeiharibu njia yangu. Sina uso wa kuwatazama wenzangu."

Katekista akamjibu, "Mwanangu, rubani yule alikuwa karibu na kiwanja kuliko ulivyokuwa wewe na Ubatizo. Angaliona haya kwa ajili ya kicheko cha vijana, leo tungalikuwa tukichimba makaburi. Alipaa, akachekwa, akafika. Wewe una nini mfukoni?"

Mtu yule akaitoa hirizi, akaiweka mezani. Mkono wake ulitetemeka, maana alimpenda mtoto wake sana. Katekista hakumcheka, wala hakumkaripia. Wakapiga magoti wakamwombea mtoto, kisha hirizi ikatupwa motoni. Padre alipokuja kukitembelea kijiji aliambiwa mambo yote, naye akamwongezea muda wa mafundisho. Mtu yule hakunung'unika. Wazee walikwisha kusema: kawia ufike.

MAULIZO

Ulizo: Kwa nini rubani hategemei macho yake tu?
Jibu: Kwa sababu wingu huficha mlima, na mwili wa mtu humdanganya. Vivyo hivyo mtu hawezi kujiongoza mbinguni kwa akili yake peke yake.

Ulizo: Je, imani ni kuamini kila sauti?
Jibu: Sivyo. Imani ni kumwamini Mungu asiyeweza kudanganya, na kuzipima sauti nyingine kwa neno lake.

Ulizo: Mkatekumeni aliyeanguka afanye nini?
Jibu: Ajute kwa moyo, aache lile lililomwangusha, amweleze katekista au padre, na arudi kwenye mafundisho bila kukawia.

Ulizo: Na wenzake wafanye nini?
Jibu: Wasimcheke arudiye. Wamfanyie nafasi katika benchi, wakamshukuru Mungu.