Mtoto Aliyekuja na Mama Yake

Tuseme mtu wa Mbaga alioa mwanamke mwenye mtoto wa miaka mitatu. Mtoto akakua nyumbani mle, akaandikwa shuleni kwa jina la mtu yule, akamwita baba mbele za watu, naye akaitika. Mwaka wa kumi ndoa ikavunjika. Mama akashuka Same kutafuta kazi, na yule mtu akasema, “Mtoto si wangu. Nilimlisha kwa hisani, na hisani si deni.”

Neno hili si la kipumbavu. Kama kila atoaye chakula hufungwa nacho, ni nani atakayemfungulia mgeni mlango? Walakini tuangalie yaliyotendeka katika miaka ile. Baba aliyemzaa alipokuja na mbuzi wake, alirudishwa. Wajomba walipomtaka mtoto, waliambiwa ana kwao. Basi yule mtu hakutoa chakula tu. Alifunga milango mingine yote, mtoto asiwe na pa kubisha hodi ila kwake. Deni lilizaliwa hapo, si katika sahani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliandika ya kwamba mwanamume aliyempokea mtoto asiye wake kuwa mmoja wa jamaa yake imempasa kumtunza, maadamu baba na mama wameshindwa. Tena aweza kuwadai gharama zake. Wazazi wakimtwaa mtoto, wajibu ulikoma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo, pamoja na mzazi na mlezi, humtaja mtu yeyote aliye na mtoto mikononi mwake.

Hapo twaona shaka. Yuko bibi kizee kule Chome, aliyeachiwa wajukuu na binti aliyekwenda mjini. Yeye hakufunga mlango wa mtu. Tukimwambia “imekupasa” sawasawa na yule wa Mbaga, twamtwika mzigo wa wengine. (Watu husema bibi hachoki, wasemao hivyo hawajapanda mlima pamoja naye, kuni kichwani.) Deni lake ni la binti yule kwanza, kisha letu sisi wajomba na baba wadogo, tunaopita mlangoni pake tukimwamkia tu.

Na yule wa Mbaga? Asema hawezi kutunza nyumba mbili, na huenda ni kweli. Basi na amwendee baba aliyemrudisha na mbuzi wake, amwambie kwamba mlango u wazi sasa. Mpaka huyo atakapojibu, chakula, sare na madaftari ya mtoto ni juu yake.