Vazi Usilopewa

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:



Safari hii nazungumzia jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa la dini: gemu tunazocheza bwenini baada ya Isha, na ile hila ya kuingia kwenye faili la mipangilio ili kufungua mavazi yaliyofichwa. Huenda unacheka. Hata mimi nilikuwa nikicheka, mpaka muhula uliopita.

Kwa wasiocheza, nieleze kidogo. Gemu nyingi za siku hizi hupakuliwa bure, kisha kampuni huuza mavazi, rangi na mapambo ya mchezaji. Mapambo hayo hayakuongezei nguvu uwanjani, yanakupendezesha tu. Biashara yenyewe ina miaka sasa. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya farasi katika gemu ya Oblivion kwa dola 2 na nusu, na wachezaji wengi wakaikejeli. Leo hakuna anayekejeli, watu wananunua. Na mara nyingi picha za mavazi hayo zinakuwa zimeshaingia kwenye simu yako pamoja na gemu, kwa sababu simu yako inapaswa kukuonyesha mwenzako aliyeyanunua. Kwa hiyo vazi umo nalo mfukoni, ila limefungwa. Anayejua faili la kufungua na tarakimu ya kubadilisha huweza kulivaa bila kulipa.

Mimi nilijifunza hila hiyo kwa rafiki. Usiku mmoja nilibadilisha tarakimu moja, nikawasha gemu, na mchezaji wangu akatokea amevaa koti la dhahabu. Nilipiga picha ya skrini nikaituma kwenye kundi la bweni letu. Sifa zikamiminika. Jambo ambalo sikuwaambia ni kwamba kwenye simu zao mchezaji wangu alikuwa bado na shati lake la zamani. Orodha ya nani amenunua nini huwekwa kwenye seva ya kampuni, na faili langu lilikuwa limebadilisha simu yangu tu. Koti lile nililiona peke yangu.

Akaja mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza. "Kaka, na mimi nifungulie." Nikamtoza shilingi 10,000. Kwa mwanafunzi wa hapa Uganda hizo ni sahani kadhaa za posho na maharage. Akaunti yake alikuwa nayo tangu sekondari, na ndani yake mlikuwa na mavazi halali aliyonunuliwa na kaka yake anayeendesha bodaboda Kampala, kama zawadi ya kufaulu mtihani. Siku ya nne alinisubiri mlangoni mwa msikiti baada ya Alfajiri. "Kaka, akaunti haifunguki. Wameifungia moja kwa moja."

Nilimjibu kwamba lazima kuna kitu amegusa mwenyewe. Nilimwambia hivyo hali udhu wangu haujakauka.

Wiki iliyofuata, katika darsa la hadithi, tulifika kwenye hadithi ya Bi Asmaa binti Abubakar (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mwanamke mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba ana mke mwenza. Akauliza kama kuna dhambi akijionyesha kwa mwenzake kwamba mume amempa kitu ambacho hakumpa. Mtume (S.A.W.) akamfananisha mtu anayejionyesha kuwa na asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Ustadhi akaendelea kueleza. Mimi nilikuwa natazama zulia. Nguo mbili! Moja niliyoituma kwenye kundi, na ya pili niliyomvika yule kijana kwa kumwambia kosa ni lake.

Ndugu zangu, mimi ni mwanafunzi, si mufti. Surat An-Nahl, aya ya 116, inatuonya tusiseme kwa ndimi zetu hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia Mungu uongo. Basi sitasema kila anayegusa faili la gemu ametenda haramu. Wanachuoni wetu wanatufundisha kuwa asili ya vitu ni ruhusa mpaka upatikane ushahidi wa katazo. Ila nilijiuliza maswali matatu, na naomba nawe ujiulize.

La kwanza: mlango huo nani ameuacha wazi? Mwaka 1986, Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alikuwa akitengeneza gemu ya Gradius kwa mashine ya Nintendo. Ikamshinda kuicheza wakati wa kuijaribu, akaweka mfuatano wa vitufe wa kumpa nguvu zote mwanzoni. Mfuatano ule ukabaki ndani ya gemu, na watu wakautumia duniani kote. Huo ni mlango wa mwenye nyumba. Vilevile kuna gemu ambazo watengenezaji wenyewe wanamruhusu mchezaji kubadilisha jezi na sura za wachezaji apendavyo. Ukifanya hivyo kwenye nakala yako uliyoinunua, na humdhuru mtu, sioni umemkosea nani.

Lakini kuna mlango uliofungwa kwa kufuli, na ulipoingia ulibonyeza "nakubali." Hatusomi masharti yale, najua. Surat Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Waislamu hushikamana na masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Sharti la kutofungua vazi ambalo hujalilipia haliharamishi halali yoyote. Na tusidhani kuwa kazi ya kompyuta haina mwenyewe kwa kuwa haishikiki. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Kuwait Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na ubunifu ni mali inayolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia.

Utasema: "Kitu kimo kwenye simu yangu, kwa nini nisikitumie?" Mwaka 2012 wateja wa Capcom walilalamika hivyo hivyo. Ilibainika kuwa diski ya Street Fighter X Tekken waliyoinunua ilikuwa tayari na wapiganaji 12 waliofungiwa ndani, wakisubiri kuuzwa kando. Siwalaumu kwa kukasirika. Muuzaji naye ana wajibu wa kuwa wazi kwa mteja. Lakini mteja asiyeridhika anaweza kudai, kulalamika au kuacha kununua. Na mimi ambaye gemu nilipewa bure, nilikuwa na dai gani?

Swali la pili: nani anadanganywa? Kama hakuna, mbona picha niliituma kwenye kundi? Ningeridhika kuvaa koti lile gizani, nisimwonyeshe mtu? Hapo ndipo nilipojijua. Sikuwa na haja ya koti, nilikuwa na haja ya macho ya watu. Leo ni koti la kwenye skrini. Kesho ni cheti, ni wasifu wa kuombea kazi, ni utafiti ulionakiliwa na kutiwa jina langu. Mkono unaozoea kubadilisha tarakimu moja kwenye faili la gemu hautasita mbele ya faili la alama.

Swali la tatu huja kwa sura ya utetezi: "Kampuni zile ni tajiri, tena si za Waislamu." Ndugu yangu, kumbuka usiku wa Hijra. Makuraishi walikuwa wamepanga kumuua Mtume (S.A.W.), na amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) Makka ili azirudishe kwa wenyewe. Waliotaka damu yake walirudishiwa mali yao mpaka ya mwisho. Sisi tunatafuta udhuru kwa sababu mwenye mali hatumwoni.

Imamu Nawawi katika Riyadhus-Swalihin anataja masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa dhambi inahusu haki ya mja, kuna sharti la nne, kumrudishia haki yake au kumwomba akuhalalishie. Matatu ya kwanza niliyafanya juu ya msala, hakuna aliyeniona. La nne lilinichukua siku tisa.

Nilimwendea yule kijana chumbani kwake na shilingi 10,000 mkononi. Nikamwambia kosa lilikuwa langu na kwamba nilimdanganya pale msikitini. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Pesa nimepokea, kaka. Ila kaka yangu bado ananiuliza zile nguo alizoninunulia, na mimi sijui nimjibu nini." Nikamwomba namba, nikampigia kaka yake mbele yake, nikaeleza. Akaunti haijarudi mpaka leo, wala sidhani kama itarudi. Nimeanza kumlipa kidogo kidogo thamani ya mavazi yale. Kijana ananiitikia salamu. Kama amenisamehe, Mungu ndiye ajuaye, nami bado namwomba.

Ndugu yangu, dada yangu, usiku wa leo ukishika simu, angalia ulichovaa. Kama ni cha kupewa, cha kununua au cha kuruhusiwa, cheza kwa kiasi na uwahi Alfajiri. Kama ni cha kujipachika, kivue kabla hujavuliwa siku ambayo hakuna kundi la kutumia picha. Na kama kuna mtu uliyemponza, sharti la nne linakusubiri. Usingoje siku tisa kama mimi.

Ewe Mola wetu, tupe cha halali kitutosheleze na haramu yako, utuvishe vazi la ucha Mungu, na uzilainishe nyoyo za tuliowakosea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.