Fremu zetu na haki ya jirani

  

Ndugu zangu Waislamu, wiki hii nimeona nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunadhani ni la afisa mipango miji peke yake, halina mlango wa kuingilia katika dini. Nalo ni hili la nyumba za kuishi kugeuzwa za biashara, kimya kimya, bila ya jirani kuulizwa.

Mimi naishi Tanga. Mji wetu umekuwa jiji tangu mwaka 2005, lakini ni jiji dogo. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta watu 273,332, idadi ambayo Dar es Salaam ingeimeza ndani ya manispaa moja na nafasi ikabaki. Ukitoka mjini kati ukavuka reli unaingia Ngamiani, mitaa iliyonyooshwa kwa mistari na barabara zake zikapewa namba, kuanzia ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Mkoloni alipopanga aliwapanga watu kwa rangi zao: Mzungu akakaa Raskazone kwenye upepo wa bahari, Mwafrika akapelekwa ng'ambo ya reli. Hata hivyo, watu wa Ngamiani walijijengea maisha yao. Ni nyumba za Kiswahili zile mnazozijua, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma. Jirani akikohoa usiku unamsikia, na asubuhi unamuuliza hali yake.

Sasa baraza zinakwisha. Mwenye nyumba anajenga ukuta mbele, anatia mlango wa chuma wa kukunja, tayari ana fremu mbili. Simlaumu kwa hilo peke yake. Watoto wanasoma, mzee hana pensheni, na tangu lilipowekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta kule Chongoleani mwaka 2017, kila mtu Tanga ameanza kupiga hesabu za wageni watakaokuja na nyumba watakazopanga. Fremu ya kwanza huwa ni ya kushona nguo au ya vocha za simu. Hakuna anayesumbuka. Mwaka unaofuata mshonaji anahama, anakuja fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye anatoa kodi maradufu na kilemba juu yake. Mwenye nyumba anafurahi, kwa sababu mara nyingi yeye mwenyewe ameshahamia mtaa mwingine, haamki na sauti ya gurudumu la kukatia chuma. Anayeamka nayo ni jirani.

Nitawapa mfano mmoja nilioushuhudia. Mama mmoja wa mtaa wetu alifiwa na mumewe. Sheria ya Allah inamtaka akae eda nyumbani kwake miezi minne na siku kumi. Ukuta wa chumba chake, upande wa pili, ni gereji bubu. Wengine wote wa mtaa ule kelele zikiwazidi wanatoka, wanakwenda kwa ndugu, wanakwenda baharini kupunga upepo. Yeye aende wapi? Dini imemuamuru akae ndani ya nyumba ile ile ambayo Muislamu mwenzake ameifanya isikalike. Nilipokwenda kuzungumza na mwenye nyumba aliniambia neno ambalo nimelisikia mara nyingi: nyumba yangu, kiwanja changu, fedha yangu.

Hivi kweli, ndugu zangu, ni yako peke yako?

Allah (s.w.) katika Surat An-Nahl, aya ya 80, anatuhesabia nyumba miongoni mwa neema zake, na neema yenyewe ni kwamba amezifanya kuwa mahali pa utulivu. Katika Surat An-Nur, aya ya 58, anataja nyakati tatu za faragha ambazo hata mtoto wa ndani na mtumishi lazima wabishe hodi: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa joto la adhuhuri watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya swala ya Isha. Tazameni uzito wa jambo hili. Mtoto wako wa kumzaa hana ruhusa ya kukuvamia katika saa hizo. Halafu mashine ya mtu baki ipewe ruhusa? Grosari ifungulie muziki baada ya Isha ndani ya masikio ya watoto wetu, na sisi tuseme ni biashara tu?

Kuhusu jirani, hadithi zinajulikana mpaka tumezizoea, na hapo ndipo pana hatari. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Jibril (a.s.) aliendelea kumuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani mpaka Mtume akadhani kuwa jirani atapewa fungu katika mirathi. Na imepokewa na Ibn Majah, na Malik katika Muwatta, hadithi ambayo mafaqihi wameifanya kuwa msingi wa kanuni nzima: hakuna kudhuru, wala kulipizana madhara. Msingi huu tunaukariri madrasa. Tukitoka nje tunakuta mtaro wa sabuni na oili kutoka pale magari yanapooshwa umeelekezwa uani kwa mtu, tunauruka, tunakwenda zetu.

Wasije watu wakadhani kuwa nahubiri dhidi ya biashara. Uislamu ni dini ya wafanyabiashara. Abdulrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina mikono mitupu, Sa'd bin Rabii (r.a.) alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Akamuombea baraka, akasema aonyeshwe soko liko wapi. Hakusema anipishe hapa barazani nifungue duka! Aliuliza soko, kwa sababu soko lilikuwa na mahali pake.

Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwatengea Waislamu wa Madina soko lao, uwanja wa wazi. Hadithi ya Ibn Majah inayoeleza namna alivyolitazama soko hili akalikataa, akalitazama lile akalikataa, hadi akaridhia moja, wanazuoni wana maneno juu ya isnadi yake. Lakini kwamba alitenga soko ni jambo mashuhuri katika tarekhe ya Madina. Muslim naye amepokea kuwa sehemu za mji anazozipenda zaidi Allah ni misikiti na anazozichukia zaidi ni masoko, kwa yale yanayofanyika humo ya viapo na udanganyifu. Basi mtu aliyesikia hivyo, na bado soko ni halali na ni la lazima, atakuwa na akili gani akilileta mlangoni kwa mwenzake? Maswahaba walilifahamu hili. Kufa ilipopangwa mwaka wa 17 Hijria, katika ukhalifa wa Umar (r.a.), Tabari anaeleza kuwa njia kuu zilipimwa dhiraa 40, zinazofuata 30, nyingine 20, na vichochoro dhiraa saba. Msikiti na soko vikawekwa katikati, na makabila yakapewa mitaa yao pembeni. Kupanga mji si fikra iliyoletwa na Mzungu kwa meli.

Hapa najua kuna msomaji aliyekaa mbele ya masheikh ambaye atanipinga, na ana haki. Sisi huku Pwani ni Mashafi. Imam Nawawi katika Minhaj anasema kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mtu anaweza kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au zizi, na duka lake katika soko la nguo kuwa la mhunzi. Naam, amesema. Lakini msikatie maneno njiani. Ameweka sharti: iwapo atachukua tahadhari na kuimarisha kuta. Na kabla ya hapo amesema kuwa anayevuka ada katika kutumia milki yake anabeba dhamana ya kilichoharibika. Nionyesheni fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu aliyeimarisha ukuta. Wengi wao hawana ukuta kabisa, wana mabati manne na turubai! Hii ndiyo kauli iliyo laini kwa mwenye mali katika madhehebu yetu, nayo pia imemfunga.

Wenzetu Malik ni wakali zaidi. Ibn al-Rami, fundi mwashi wa Tunis aliyekuwa akiwatumikia makadhi wa mji ule katika karne ya 8 Hijria, ameandika kitabu kizima juu ya kesi za majengo na majirani. Moshi wa tanuri, harufu ya ngozi, mtikisiko wa kinu, yote yamo. Mtu akilalamika kuwa kinu cha jirani kinatikisa nyumba yake, ilichukuliwa karatasi ikafungwa nyuzi kwenye pembe zake nne, ikaning'inizwa darini, juu yake zikawekwa punje kavu za giligilani. Kinu kikazungushwa. Punje zikicheza, mwenye kinu anaambiwa aondoe madhara yake. Zikitulia, mlalamikaji anaambiwa avumilie. Miaka mia saba iliyopita! Sisi leo tuna mashine za kusaga za umeme katikati ya nyumba za watu, sahani zinagongana kabatini, na hatuna hata wa kuning'iniza karatasi.

Na sheria ya nchi nayo ipo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya mwaka 1956, haimruhusu mtu kubadili matumizi ya kiwanja bila ya kibali cha mamlaka ya upangaji, ambayo kwetu ni halmashauri ya jiji. Kiwanja cha makazi ni cha makazi, cha makazi na biashara ni hicho, na karakana ina eneo lake. Kelele pia zina kanuni zake za mazingira za mwaka 2015. Tatizo ni kwamba mtu anajenga kwanza, kibali baadaye, au kisiwepo kabisa. Na sisi majirani tunanung'unika barazani, kwa zile baraza zilizobaki, lakini mkutano wa mtaa ukiitwa hatuonekani. Mipango ikipita tunasema tumeonewa kwa sababu ni Waislamu. Pengine mara nyingine ni kweli tumeonewa. Lakini nendeni kaulizeni ni wangapi kati yetu tumewahi kuingia ofisi ya mtendaji na barua mkononi yenye majina ya majirani kumi waliosaini.

Kuna tofauti ya biashara na biashara, na hili nalisema kwa sababu ya wajane wanaouza mihogo na vitumbua mlangoni. Duka la chumvi, sukari na mkaa ni msaada kwa mtaa, mtoto anatumwa anarudi. Cherehani ya fundi haimdhuru mtu. Haya hata mpango wa mji unayatambua. Ninayoyasema ni yale ya moto, moshi, oili, ulevi, malori na mashine. Mwenye kutaka kuyafanya atafutiwe mahali, na halmashauri inapaswa kulaumiwa kwa nguvu pale inapomfukuza fundi bila ya kumpa eneo lenye umeme na njia. Fundi naye ana watoto.

Sasa nifike nyumbani kabisa, maana ni rahisi kumsema fundi. Misikiti yetu nayo inajenga fremu. Sababu ni nzuri: bili ya maji, posho ya imamu, mishahara ya walimu wa madrasa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya msikiti mmoja ambao sitoutaja. Tuna kipande cha ardhi nyuma, kimepakana na nyua za nyumba nne. Umekuja mpango wa fremu sita, na aliyetoa kodi kubwa kuliko wote anataka kuweka mashine ya kusaga na kukoboa. Ndugu mmoja akasema kikaoni kuwa fedha ya msikiti ni ya Allah, majirani wakisubiri kidogo watapata thawabu.

Nikamwambia, sheikh wangu, thawabu ya mtu haikopwi bila ya idhini yake. Fedha inayokusanywa kwa kumkosesha usingizi bibi anayeswali nyuma yetu, tunainunulia nini msikitini? Mazulia? Kisha nikauliza jambo la pili: kipande kile kilitolewa wakfu kwa sharti gani? Mzee aliyekitoa alisema ni cha madrasa. Mafaqihi wameliweka sharti la mwenye kuweka wakfu katika daraja ya nassi ya sharia, haligeuzwi kwa kura ya kamati. Pakawa kimya. Katibu akaombwa akaitafute karatasi yenyewe.

Karatasi imepatikana wiki iliyopita kwa wajukuu wa yule mzee, na sharti limo. Baadhi ya wajumbe sasa wanasema fremu zijengwe upande wa mbele, wa barabarani, ambako ardhi ilinunuliwa na jamaa na si wakfu wa mzee. Hilo linazungumzika, kwa maduka yasiyo na mashine, na baada ya kibali cha jiji kutoka. Jumapili baada ya Asri tunakutana tena. Nimeomba wenye zile nyumba nne waitwe, pamoja na wapangaji wao, na wanawake wakae mahali watakaposikika. Na nimeomba tuwasikilize wao kwanza, ndipo tufungue bahasha za kodi.

Wallahu a'lam.