Meza Moja, Fomu Mbili

Mwaka jana nyumba yetu ilikuwa na wahitimu wawili wa kidato cha sita kwa mpigo: binti yangu, na kijana wa marehemu kaka yangu tuliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Matokeo yalipotoka tuliwapikia pilau moja, tukawaombea dua moja. Lakini ada za vyuo vikuu viwili sikuwa na uwezo nazo. Tukageukia kule wanakogeukia wazazi wengi Tanzania: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Wengi wetu tunaiona fomu ile kuwa kazi ya steshenari. Unampa kijana wa pale vyeti na shilingi 30,000 za maombi, jioni unapita kuchukua karatasi zako. Nami nilikwisha kutayarisha bahasha mbili. Mke wangu akanizuia mlangoni.

"Baba watoto, hilo deni atalipa nani? Si wao? Basi wakae wajaze wenyewe, sisi tuwepo."

Usiku ule tukakaa mezani wote watano. Mdogo wao, aliyekuwa kidato cha kwanza, alipewa kazi ya kusoma namba kwa sauti: ya mtihani wa kidato cha nne, ya uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, ya kumbukumbu ya malipo. Hapo ndipo lilipojitokeza kosa langu la miaka mingi. Jina la babu kwenye cheti cha kuzaliwa cha kijana lina herufi ambayo kwenye cheti cha kidato cha nne haimo. Mimi ndiye niliyemwandikisha darasa la kwanza, nikaliandika jina kama ninavyolitamka. Herufi hiyo moja ilitupeleka kwa wakili mara mbili kutafuta hati ya kiapo. Mzazi mwenzangu mwenye mtoto sekondari, vitoe vyeti vyake leo, uvilinganishe herufi kwa herufi kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne.

Kisha likaja swali zito: wazazi wako wako hai? Nyumbani kwetu neno yatima halijawahi kutamkwa. Kijana huniita baba. "Baba mdogo" hulitumia mbele ya wageni tu. Sasa ilimbidi akiskani cheti cha kifo cha baba yake, na jina langu aliweke kwenye nafasi ya mlezi. Nilikiona kidole chake kimesita.

"Andika, mwanangu," nikamwambia. "Wanauliza aliyekuzaa yuko wapi. Hawajauliza kwenu ni wapi."

Akaandika. Binti naye akaandika kwamba wazazi wake wote wako hai, na kipato chetu kama kilivyo.

Siku chache nyuma, mtu mmoja aliyenitakia mema alinishauri nitafute karatasi za kuonyesha kuwa binti naye amefiwa na mzazi mmoja, maana bila hivyo atakosa. Sitaficha: ushauri ule ulininyima usingizi. Lakini fomu hupita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayenijua kwa sura, kisha huapiwa mbele ya wakili au hakimu. Ningekuwa namfundisha binti yangu kumzika baba yake kwenye karatasi ili asome. Tena fungu la mikopo lina mwisho wake. Anachokipata yatima wa uongo kimetoka kwenye sahani ya yatima wa kweli, na yatima wa kweli nilikuwa nimeketi naye meza moja.

Awamu ya kwanza ilipotangazwa, jina la kijana lilikuwamo, la binti halikuwamo. Zilikuwa wiki nzito. Kijana hakuthubutu kufurahi mbele ya dada yake. Awamu iliyofuata binti akapata fedha za chakula na malazi pamoja na sehemu ya ada. Pengo tuliliziba kwa mkopo wa kikoba cha mama yao na kwa kukodisha shamba letu la mpunga. Binti hakuniuliza kwa nini mwenzake amepata zaidi. Alikuwapo mezani. Alikiona cheti kile cha kifo kikitolewa kwenye bahasha.

Ndiyo maana nawasihi wazazi tusiwajazie watoto fomu hizi mafichoni. Mtoto aliyeandika hali ya nyumba yake kwa mkono wake huijua, na huweza kuistahimili. Hulijua pia deni. Binti yangu alikokotoa usiku uleule: makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani katika kila laki moja elfu kumi na tano zinarudi. Dawa ya deni kulipa, na marejesho ya waliotangulia huwasaidia wanaofuata. Aliyeanza kwa kiapo cha kweli, naamini, hataona tabu kurejesha.

Juzi mdogo wao, ambaye sasa yuko kidato cha pili, alinifuata na cheti chake cha kuzaliwa mkononi. Kwenye daftari alikuwa amenakili jina lake kutoka orodha ya watahiniwa iliyobandikwa shuleni.

"Baba, nimelinganisha," akasema. "Herufi zote zipo."